Risasi za bastola ya upepo: mtutu ndio unaochagua

Swali tunaloulizwa dukani kuliko yote ni fupi: "Mna risasi gani nzuri?" Anayeuliza mara nyingi ana kadi ya shabaha mkononi, matundu yametawanyika kama mbegu, na tayari ameshamtafuta mchawi. Mchawi ni kopo la risasi alilonunua mwezi uliopita. Jibu letu huwaudhi wengine: risasi nzuri ni ile inayopatana na mtutu wa bastola yako, na huenda hiyo uliyo nayo haina kosa lolote.

Tunazungumzia bastola ya upepo ya kulenga shabaha kwa mita 10, kipenyo cha milimita 4.5, mchezo uliomo kwenye Olimpiki tangu Seoul 1988. Duara la 10 katika shabaha yake lina upana wa milimita 11.5. Kwa kuwa tundu likigusa tu mstari hupewa alama ya juu, kitovu cha risasi kinaweza kukaa milimita 8 kutoka katikati ya shabaha na bado ukaandikiwa 10. Nafasi hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa piga hesabu. Tuseme mkono wako unayumba kiasi cha kupeleka risasi milimita 20 nje ya katikati, na risasi zenyewe zinaongeza mtawanyiko wa milimita 3. Makosa haya mawili hayana uhusiano, kwa hiyo hayajumlishwi moja kwa moja. Unazidisha kila moja kwa yenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 20.2. Ukinunua risasi kamilifu zisizo na mtawanyiko hata kidogo, utakuwa umeokoa sehemu 2 za kumi za milimita. Lakini kwa mpigaji ambaye mkono wake unayumba milimita 5 tu, risasi hizo hizo zinampeleka hadi 5.8, na hapo zile zinazokwenda mbali kuliko kawaida yake zinaanza kumpotezea alama kwenye mstari wa 10. Ndiyo maana kopo la bei kali linamfaa huyu wa pili kuliko yule wa kwanza, ingawa wa kwanza ndiye anayelililia.

Kwa anayeanza, basi, ushauri wetu ni kopo la risasi za kawaida za mazoezi kutoka kiwanda kinachojulikana, kichwa bapa, na muda mwingi kwenye kifyatulio. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, zinataka kifyatulio cha bastola hii kisilegezwe chini ya gramu 500, na kukivuta bila kusogeza mtutu ni kazi ya miaka. Hakuna risasi itakayokufanyia.

Kichwa bapa tunakisisitiza kwa sababu kinakata karatasi kwa duara safi, kama kitoboa karatasi cha ofisini. Kichwa cha mviringo husukuma karatasi na kuichana, tundu linaonekana dogo kuliko lilivyo, na mabishano ya "imegusa au haijagusa" huanzia hapo. Risasi za kichwa cha mviringo zina kazi yake: hukata hewa vizuri zaidi, na kwa mbali, tuseme kuanzia mita 25 hivi, zinakaa kwenye njia yake wakati bapa zinaanza kuyumba. Kwa mita 10 faida hiyo haipo. Zenye ncha kali tunaziuza kwa shingo upande, maana ncha hiyo ni ngumu kuiweka katikati sawasawa kiwandani na inapinda kirahisi ndani ya kopo.

Uzito nao huwatia watu wasiwasi usio na sababu. Risasi za mashindano huanzia karibu gramu 0.45 hadi 0.53. Kiwanda cha RWS, kwa mfano, hutengeneza risasi iitwayo R10 ya gramu 0.45 kwa bastola na ya 0.53 kwa bunduki. Nyepesi hutoka kwenye mtutu mapema kidogo, na mpigaji wa bastola, anayeshika kwa mkono mmoja, anapenda risasi iwe imeshaondoka kabla mkono haujacheza. Lakini hakuna sheria inayokukataza kutumia nzito, na tumewahi kuona bastola zinazoipenda ile ya 0.53 bila aibu. Kuhusu mwendo, bastola nyingi za mashindano hurusha risasi kwa takriban mita 150 kwa sekunde. Katika mita 10 risasi inashuka kama milimita 22 kwa uzito wake. Mwendo ukipungua hadi 147, inashuka karibu milimita 1 zaidi. Kwa hiyo mteja anayekuja na kifaa cha kupima mwendo akilalamika kuhusu tofauti ya mita 2 au 3, tunamtengenezea chai na kumrudisha kwenye shabaha.

Penye utajiri wa mambo ni kipenyo cha kichwa. Tazama risasi moja kwa karibu: ina kichwa, kiuno chembamba, na sketi iliyo wazi nyuma. Hewa ikiingia kwenye sketi inaipanua na kuziba mtutu, ilhali kichwa ndicho kinachoshika mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi. Kichwa kikiwa chembamba mno risasi inaingia ikiwa imeinama kidogo, na itatoka hivyo hivyo. Kikiwa kinene mno kinakwanguliwa bila usawa. Viwanda kama H&N hutoa risasi ya aina moja kwa vipenyo vya 4.49, 4.50 na 4.51, na tofauti hiyo ya sehemu moja ya mia ya milimita inaonekana kwenye karatasi. Inaonekana vipi, hakuna anayeweza kukuambia kwa kuutazama mtutu kwa macho. Bastola mbili za modeli moja, zilizotoka kiwandani siku moja, zinaweza kupenda vipenyo tofauti. Muuzaji anayekuhakikishia "chukua 4.50, hiyo ndiyo ya bastola yako" bila kuipima anabahatisha tu.

Kupima kunafanyika hivi. Bastola inafungwa kwenye jiliwa lenye mpira, ili mkono wa binadamu uondoke kwenye hesabu. Kila ukibadilisha aina ya risasi, piga kwanza kama ishirini za kupaka mtutu madini ya aina hiyo mpya, na hizo usizihesabu. Kisha piga kumi kwenye shabaha moja. Kumi, si tatu: risasi tatu zinaweza kuingia tundu moja kwa bahati na kukufanya ununue makopo kumi ya majuto. Pima upana wa kundi la matundu kwa kalipa (kipimio chenye taya mbili) kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, toa 4.5, umepata umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Rudia kwa kila kipenyo, halafu rudia tena kile kilichoshinda, kwa sababu mshindi wa raundi ya kwanza mara nyingi alikuwa na bahati tu.

Ukimpata mshindi, angalia namba ya bechi, yaani mkupuo wa risasi zilizotengenezwa pamoja, iliyochapwa kwenye kopo. Kiwanda kikibadilisha bechi, risasi yenye jina lile lile na kipenyo kile kile inaweza isipatane tena na mtutu. Wapigaji wa mashindano hununua bechi moja ya kutosha msimu mzima. Wewe wa mazoezi ya jioni, usijitese.

Kabla hatujaifunga bastola ya mteja kwenye jiliwa, tunakagua vitu vingine, na hapo ndipo malalamiko mengi hufia. Skurubu ya kilengeo cha nyuma imelegea. Mtungi wa hewa umeshuka chini ya kiwango ambacho regulita, kifaa kinachosawazisha shinikizo la hewa, inaweza kukidhibiti, na risasi zinaanza kudondoka chini ya shabaha moja baada ya nyingine. Mtutu una uchafu: vidonge vichache vya felti (kitambaa kilichoshindiliwa) vinavyopitishwa ndani vinatoka vyeusi, na kundi linajibana papo hapo. Ukiwa unakagua mtungi, soma na tarehe iliyogongwa juu yake, maana watengenezaji wengi wanaupa mtungi wa alumini ukomo wa miaka 10. Ujazwe hewa safi na kavu tu. Oksijeni iliyobanwa ikikutana na mafuta au grisi inaweza kulipuka, na bado watu hutuuliza kama "haileti nguvu zaidi".

Goroli za chuma zisikaribie bastola hii. Zinaandikwa 4.5 kwenye kopo na zinaingia, lakini chuma hakibonyei kwenye mifereji, kinaikwaruza, na zikigonga kitu kigumu zinarudi zilikotoka. Zina bastola zake zenye mtutu laini usio na mifereji. Risasi zisizo na madini ya risasi, zilizotengenezwa kwa bati au zinki, ni nyepesi na ngumu zaidi, na kwa mitutu mingi tuliyoipima makundi yake ni mapana kuliko yale ya risasi za kawaida. Ila kama ukumbi wako unazidai, ingia nazo ujaribu vipenyo kwa utaratibu ule ule.

Kwa wanaotumia za kawaida: madini ya risasi ni sumu. Usile wala kuvuta sigara ukiwa mezani, usishike risasi kwa midomo wakati wa kupakia (ndiyo, bado tunaona watu wakifanya hivyo), na ukimaliza nawa kwa sabuni na maji. Unga mweupe ukionekana juu ya risasi za zamani, hayo madini yameanza kuliwa na unyevu. Usizipige na usiziguse bila glavu. Makopo yakae pakavu, mbali na watoto, na yasitupwetupwe. Sketi ni laini mno, na kopo lililoanguka sakafuni mara moja lina risasi zilizobonyea ambazo huzioni mpaka uziviringishe juu ya kioo.

Ukitaka tukupimie, njoo na bastola ikiwa tupu ndani ya sanduku lake, mtungi uliojaa, na risasi unazotumia sasa hata kama umeshazichukia. Tunaanza na hizo, na mara nyingi zinabaki.