Asali na ndizi mbivu katika keki ya mgonjwa wa kisukari

Bwana Mhariri,

Naandika kuhusu maelezo ya keki ya matunda yaliyotolewa katika ukurasa wenu wa mapishi, yale mliyoyaita keki ya wagonjwa wa kisukari. Mimi ni msomaji wenu wa Kadutu, hapa Bukavu, na mama yangu anaugua kisukari tangu mwaka 2019. Kwa hiyo niliyasoma kwa furaha, nikayakata, nikayabandika kwenye ukuta wa jikoni. Yaliagiza gramu 300 za unga wa ngano, ndizi tatu zilizoiva sana, na gramu 200 za asali badala ya sukari. Niliipika keki hiyo siku ya komunio ya kwanza ya mjukuu wake. Mama, ambaye kwa miaka hii yote amekuwa akipewa chai kavu kwenye sherehe huku wengine wakila keki, alikula vipande viwili na kunibariki. Usiku huo aliamka mara tano kwenda haja ndogo, akanywa maji hadi mtungi ukabaki mtupu, na asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, kipimo chake cha sukari ya damu kilisoma 268 (mg/dL), ilhali siku nyingi huamka na 130 au pungufu.

Sidhani kwamba aliyeandika alikuwa na nia mbaya. Aliamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba ukiondoa sukari nyeupe umemaliza kazi, na kwamba kitu kilichotoka kwenye mzinga au mgombani hakiwezi kumdhuru mgonjwa. Lakini katika kila gramu 100 za asali kuna takriban gramu 82 za wanga, karibu zote zikiwa ni sukari. Unga wa ngano una gramu 76 hivi, na ndizi mbivu iliyomenywa ina gramu 23. Nilichukua kalamu nikahesabu: keki ile nzima ilibeba wanga wa gramu 470 na ushei, na ukiikata vipande vinane, kila kipande kina karibu gramu 59, sawa na vijiko vya chai 12 vya sukari. Mama alikula viwili. Wapo majirani walionishauri niache ngano nitumie unga wa mahindi au wa muhogo kwa kuwa ndivyo vyakula vya kwetu, ila wa mahindi unalingana na wa ngano, na wa muhogo unaupita. Wanga huo wote utumbo huuvunja ukawa sukari kabla haujaingia kwenye damu.

Karanga ndizo zilizonitoa kwenye mkwamo huo, maana unga wake nautumia badala ya ngano. Gramu 100 za karanga zina wanga wa gramu 16 tu, na nusu yake au zaidi ni nyuzinyuzi, ambazo hazipandishi sukari ya damu. Nakaanga gramu 250 kwenye moto mdogo bila mafuta, nazipoza, nazifikicha kwa viganja mpaka maganda yatoke, nazipepeta, kisha nazitwanga kwenye kinu kidogo kidogo. Hapa panahitaji subira, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta: ukizitwanga zote kwa pamoja, au ukizidisha mapigo machache tu ya mchi, unga unashikana na kugeuka siagi, na keki itabaki bapa kama chapati. Nauchekecha, na chenga zinazobaki nazirudisha kinuni. Wakati wa kuchagua karanga natupa bila huruma zile zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, maana sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haimaliziki kwa kukaangwa.

Tunda ninalotumia ni stroberi, zile ambazo sokoni tunaziita freze, kwa kuwa gramu 100 zake zina wanga wa gramu 8 tu. Naosha gramu 400 kabla ya kuzitoa vikonyo, ili zisinywe maji, nazikausha juu ya kitambaa safi, na nusu yake naikatakata. Nusu nyingine naichemsha na maji ya limau moja na mdalasini hadi iwe nzito na kung'aa. Hiyo nitaipaka juu. Kwa kuwa karanga hazina ule mnato wa ngano, kinachoishika keki ni mayai matatu, ambayo nayapiga mpaka yafure na kuwa meupe, ndipo natia unga wa karanga, chumvi kidogo, kijiko cha chai cha hamira ya keki (baking powder), na mwisho matunda, nikigeuza kwa mwiko taratibu ili povu lisikatike.

Sina tanuri, na hata ningekuwa nalo, umeme wa mtaani kwetu haungoji keki iive. Naweka mchanga mkavu wa vidole viwili ndani ya sufuria kubwa, mawe matatu madogo juu yake, naifunika na kuipasha juu ya babula, yaani jiko la makaa, kwa robo saa. Kisha naingiza bati la keki, nafunika tena, na makaa machache nayaweka juu ya kifuniko. Baada ya dakika 35 hivi harufu ya karanga inajaa nyumba nzima, na kisu nikikichomeka katikati kinatoka kikavu. Keki hii haikatwi ikiwa moto, itamomonyoka. Naiacha ipoe kabisa, ndipo napaka ile stroberi nzito. Nzima ina wanga wa gramu 73 hivi, yaani 9 kwa kila kipande, na kati ya hizo zaidi ya gramu 3 ni nyuzinyuzi.

Jumapili moja mama alikula kipande kimoja baada ya sombe (kisamvu) na samaki. Kabla ya chakula alikuwa na 127, na saa mbili baadaye 148. Alikishika kile kipimo mwenyewe, akakisogeza karibu na taa, akaniuliza, "Mwanangu, ni kweli?" Nilipima tena kidole kingine ili aridhike.

Ni kipande kimoja, si viwili, maana mafuta ya karanga ni mengi. Tena anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi asipunguze wanga ghafla bila kuonana na daktari wake, kwa sababu dawa ile ile inaweza kuishusha sukari mpaka mtu akazimia.

Ombi langu kwenu ni kwamba mchapishe masahihisho ya keki ile kabla ya tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, na kwamba tangu sasa kila pishi mnalowaelekeza wagonjwa liandikwe gramu za wanga kwa kipande. Ile karatasi yenu nimeibandua ukutani kwangu, lakini najua katika jikoni nyingine za mji huu bado imebandikwa.

Wako katika kujali afya za wazazi wetu,

Msomaji wenu wa Kadutu, Bukavu