Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: turudishieni ritifaa kwenye majina yetu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUWEKA KIWANGO CHA NG' KATIKA KIBODI NA MIFUMO YA SERIKALI

Mheshimiwa Waziri, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nina steshenari Igoma, hapa Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Natoa kopi, naskani, nachapa barua, lakini kazi inayoniletea watu wengi kuliko zote ni kuwajazia fomu za mtandaoni wale wasioweza kujijazia. Ni kazi ninayoipenda. Mtu anakaa kwenye stuli pembeni yangu, ananitajia jina lake na la baba yake, mimi naandika. Nakuandikia kwa sababu ya bibi mmoja aliyekaa kwenye stuli hiyo.

Alitoka Ng'haya, wilayani Magu. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, ng'wanawane," yaani mwanangu, akafungua mfuko wa nailoni aliokuwa ameufunga ndani ya kanga: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, barua ya mtendaji. Alikuwa anafuatilia mafao ya marehemu mumewe. Mume alikuwa anaitwa, tuseme, Ng'wandu. Jina la kweli nalihifadhi. Vyeti vyote viwili vilikuwa na ritifaa, kile kikoma cha juu, mahali pake. Nikaandika Ng'wandu kama nilivyolisoma. Kisanduku kikawa chekundu: "Jina liwe na herufi tu." Nikarudia, kikakataa tena. Foleni ilikuwa ndefu na bibi alikuwa na gari la kuwahi, basi nikaifuta ritifaa. Fomu ikapita.

Baada ya wiki tatu alirudi. Aliambiwa jina la kwenye mfumo halifanani na la kwenye cheti, aende kwa mwanasheria akaape kwamba Ngwandu na Ng'wandu ni mtu mmoja. Aliuza kuku wawili kulipia hati ya kiapo. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Hivi ng'wanawane, ni wewe ulikosea?" Mheshimiwa, sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa Msukuma, ng' si pambo. Ng'wana ni mtoto, na majina yetu mengi yameanzia hapo. Kwa Kiswahili vilevile: ngoa na ng'oa ni maneno mawili tofauti, na huwezi kuandika ng'ombe, ng'ambo, nung'unika wala ng'ang'ania bila alama hiyo. Ni sauti kamili ya lugha ya taifa, inafundishwa darasa la kwanza. Mtoto anayeiacha kwenye imla anakosa alama. Baadaye mtoto huyohuyo anakutana na mfumo unaomwambia kwamba jina lake si herufi.

Nilimuuliza kijana mmoja anayetengeneza programu kwa nini mifumo inaiogopa ritifaa. Alinichorea kwenye karatasi. Katika lugha ya SQL, ambayo mifumo mingi huitumia kuzungumza na hifadhi ya taarifa, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Mtengenezaji akilichomeka jina la mtu moja kwa moja ndani ya amri, Ng'wandu anakatika katikati: mfumo unadhani jina limeishia Ng, na "wandu" unaisoma kama sehemu ya amri. Wahalifu wa mtandaoni hupenyezea amri zao hapohapo. Kwa hiyo hofu ina msingi. Lakini dawa yake ni ya zamani na inajulikana: amri ipelekwe peke yake na jina lipelekwe peke yake, visichanganywe. Lugha zote kubwa za programu zina njia ya kufanya hivyo. Anayepiga marufuku ritifaa amechagua njia fupi, na gharama ya njia hiyo fupi imelipwa na kuku wawili wa Ng'haya.

Tatizo la pili limejificha zaidi, nami lilinichukua muda kulielewa. Ritifaa tunayoiona moja kwa macho, kwa kompyuta ni alama zaidi ya moja. Ipo iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, ambayo ni urithi wa mashine za taipu: kitufe kimoja kilitumika kufungua na kufunga nukuu ili kuokoa nafasi. Ipo iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kukuuliza. Na katika Unicode, orodha ya herufi za lugha za dunia inayotumiwa na kompyuta na simu, ipo ya tatu iliyokusudiwa kuwa herufi hasa, wala si alama ya nukuu. Hiyo ya tatu haimo kwenye kibodi yoyote niliyowahi kuuza. Zina namba zao: U+0027, U+2019 na U+02BC. Ukiandika jina kwa ya kwanza na mwenzako akalitafuta kwa ya pili, mfumo usiofundishwa kuzilinganisha utamwambia mtu huyo hayupo.

Akina mama wa kikundi kimoja cha dagaa kule Mwaloni walinipa tangazo la mkutano niwatumie wanachama wote kwa SMS. Niliandika vizuri kwenye Word, nikahesabu herufi kama 150, nikanakili, nikatuma. Salio likakatwa mara tatu ya nilivyowaambia. Mwenyekiti akaniangalia kwa jicho la kunishuku, na ana haki, zile ni fedha za kikundi. Kumbe SMS ya kawaida inabeba herufi 160 kwa sababu inatumia orodha fupi ya herufi, na ndani ya orodha hiyo ritifaa iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu iliyopinda, ujumbe mzima unahamia orodha nyingine ambayo nafasi yake ni herufi 70, na ujumbe mrefu unakatwa vipande. Tangazo langu lilikuwa na neno "Ng'ambo" mara moja. Neno moja, likageuza ujumbe mmoja kuwa tatu kwa kila mwanachama.

Mheshimiwa, vitufe havikushuka kutoka mbinguni. Mpangilio wa QWERTY, huu tuliouzoea kwenye kibodi zetu, ulitoka Milwaukee, Marekani, kwa Christopher Sholes na wenzake, na kampuni ya Remington ikaanza kuuza mashine zake miaka ya 1870. Mwaka 1936 August Dvorak na William Dealey walipata hataza ya mpangilio mwingine, na baadaye Wamarekani wakauingiza kwenye viwango vyao rasmi kama mbadala. Mimi niliujaribu mpangilio wa Dvorak kwa miezi minne, baada ya kifundo cha mkono wa kushoto kuanza kuuma. Irabu zote tano ziko mstari wa katikati, chini ya mkono wa kushoto, na konsonanti nyingi ziko kulia. Kwa Kiswahili, ambacho karibu kila silabi inaishia na irabu, mikono inapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Kwenye QWERTY irabu A, tunayoiandika kuliko herufi zote, imebebeshwa kidole cha mwisho cha kushoto, kilicho dhaifu. Lakini Dvorak naye alikuwa anapanga Kiingereza: K yetu, tunayoihitaji kila mahali, ameizika mstari wa chini. Sikuombi ubadilishe kibodi za nchi nzima, watu wameshazoea na mazoea ya vidole ni mtaji. Nasema tu kwamba kila mpangilio kuna mtu aliyekaa akaupanga kwa ajili ya lugha yake, na sisi hatujakaa.

Wafaransa wamekaa. Kibodi yao ya AZERTY ilikuwa inawapa taabu kuandika herufi kubwa zenye alama, kama É na Ç, katika lugha yao wenyewe. Mwaka 2019 shirika lao la viwango, AFNOR, likatoa kiwango kipya chenye AZERTY iliyoboreshwa, na pembeni yake likauingiza mpangilio mwingine uitwao BÉPO kwa anayeutaka.

Sisi tunapokea kinachokuja. Kompyuta nyingi zinazofika kwenye maduka ya Mwanza ni mitumba, nyingine za Uingereza, nyingine za Ujerumani. Kwenye kibodi ya Kijerumani Z na Y zimebadilishana nafasi. Niliitwa shule moja kurekebisha mashine za msaada, nikamkuta mtoto wa kidato cha kwanza anatafuta kitufe kilichoandikwa Z, anakibonyeza, na kioo kinamwonyesha Y kwa kuwa programu imewekewa mpangilio wa Marekani. Alitaka kuandika Mwanza. Kila mara ilitoka Mwanya. Alifuta na kuandika upya mara nne, halafu akaficha mikono chini ya meza akidhani ameharibu mashine. Na ritifaa kwenye kibodi hiyo iko mahali pengine kabisa, wala mwalimu hakujua ni wapi. Kwenye simu nako mara nyingi imefichwa kwenye ukurasa wa alama, ndiyo maana watu wengi wanaandika ngombe na kuendelea na safari.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ilianzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo iko kwa mwenzako wa Utumishi, na kuweka viwango vya mifumo ya umma ni kazi yake. Kaeni nao, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Shirika la Viwango. Mfumo wowote wa umma unaopokea jina la mtu uipokee ritifaa, na uhesabu zote tatu kuwa kitu kimoja wakati wa kutafuta na kulinganisha. Ya kuhifadhi, mimi ningechagua iliyonyooka, kwa sababu ipo kwenye kila kibodi na haipandishi gharama ya SMS. Najua wataalamu wa lugha wana hoja nzito ya kutaka ile ya tatu, nami nitaikubali mkiichagua, mradi iwe moja na itangazwe. Kisha utengenezwe mpangilio wa kibodi wa Kiswahili, wa kupakua bure, unaotoa ng' kwa mbonyezo mmoja. Q na X hazina kazi katika Kiswahili, hivyo ng' inaweza kuwekwa kwenye kitufe cha mojawapo, ipatikane ukishikilia kitufe cha pembeni, bila kuiondoa herufi yenyewe kwa wanaoihitaji kwa Kiingereza. Na anayetaka Dvorak kwenye kompyuta ya ofisi ya umma aruhusiwe kuuwasha, umo ndani ya mashine tayari.

Fomu nazo, nagusia tu. Zinazotolewa kwa muundo wa programu moja ya kulipia huparaganyika kwangu, mistari inapanda juu ya visanduku, mteja anadhani nimemharibia. Muundo wazi wa nyaraka uitwao ODF, usiofungwa kwenye programu moja, umekuwa kiwango cha kimataifa tangu 2006, na serikali ya Uingereza iliuchagua mwaka 2014 kwa nyaraka zake za kushirikiana.

Haya yako ndani ya uwezo wetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, wakati wengi wetu hatujawahi hata kushika kompyuta.

Bibi wa Ng'haya anarudi mwisho wa mwezi huu na hati yake ya kiapo. Nitafungua fomu ileile, na kwenye kisanduku cha jina la marehemu nitalazimika kuandika Ngwandu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mpiga chapa,
Igoma, Mwanza.