Barua kwa mwanangu: usisahau kupima uzito wa udongo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi sana kwamba utafiti wako wa chuo unahusu kaboni iliyomo udongoni. Kabla hujashika jembe, sikiliza jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulipuuza.

Maabara itakupa asilimia ya kaboni. Asilimia hiyo peke yake haikuambii hekta moja imebeba kiasi gani. Lazima ujue pia msongamano, yaani gramu za udongo mkavu katika kila sentimita ya ujazo. Zidisha asilimia kwa msongamano, kisha kwa kina cha sentimita, upate tani kwa hekta. Kwa mfano, 1.5 mara 1.2 mara 30 ni tani 54. Ukikosea msongamano ukaandika 1.4, zinakuwa 63. Tani 9 zimezuka karatasini tu, na shamba likitunzwa vizuri miaka kadhaa huenda lisiongeze hata hizo.

Kwa hiyo ringi ya chuma, ile inayogongwa ardhini kuchukua udongo wa ujazo unaojulikana, itumie kwa subira. Ya sentimita 100 za ujazo inatosha. Chukua tabaka tatu za kina: sentimita 0 hadi 10, 10 hadi 20, na 20 hadi 30. Weka kipande cha mbao juu ya ringi ndipo ugonge polepole. Udongo wa ndani ukishuka chini kuliko wa nje, umeubana. Mwaga, anza upya pembeni. Mizizi inayojitokeza ikate kwa kisu, usiing'oe, maana itatoka na udongo. Usipime ardhi ikiwa tope wala ikiwa imekauka hadi kupasuka. Udongo wa ringi ukaushe kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24, upime, urudishe, upime tena mpaka uzito usibadilike.

Sampuli ya kaboni ni nyingine: ianike kivulini, iponde, ipitishe kwenye chekeche ya milimita 2. Mawe yanayobaki yapime, kisha uondoe uzito wake na ujazo wake pia katika hesabu.

Dondoshea udongo tindikali ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Ukitoa povu, una kaboneti, yaani kaboni ya madini kama chokaa, na mashine ya kuchoma sampuli itaihesabu pamoja na kaboni ya mboji. Iondoe kwanza kwa tindikali. Kama chuo chenu kinatumia njia ya Walkley na Black, inayopima kaboni kwa kuioksidisha kwa kemikali iitwayo dikromati, kumbuka kwamba haiioksidishi kaboni yote. Kwa kawaida matokeo huzidishwa kwa takriban 1.3. Usilinganishe namba za njia hiyo na za mashine kana kwamba ni kitu kimoja. Na dikromati, mwanangu, ni sumu inayosababisha saratani. Vaa glavu, fanyia kazi chini ya kivuta hewa, na mabaki usiyamwage kwenye sinki hata siku moja.

Linalowatega hata wazoefu ni kulinganisha mashamba mawili kwa kina kilekile. Shamba lililokanyagwa na matrekta limeshindiliwa, hivyo sentimita 30 zake zina udongo mwingi zaidi, na litaonekana lina kaboni nyingi bila kuongeza chochote. Linganisha kwa uzito sawa wa udongo. Ndiyo maana chimba kidogo zaidi ya 30, tuseme hadi 40, uwe na data ya kusawazishia.

Ringi zipige namba, na kila moja uipime ikiwa tupu kabla ya kuondoka maabara.

Mama yako