Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Vikao tisa vya kusoma vimefanyika, kabati la vitabu limehamia Magomeni, na mada ya mikataba ya Wahindi Wekundu wa Marekani ilimalizika Julai. Hayo mnayajua.

La kijitabu chetu cha haki za ardhi lazima niliseme kwa kirefu, maana maneno yamekuwa mengi. Ni kweli, mimi ndiye niliyesimamisha uchapaji. Zilichangwa shilingi 840,000. Kati ya hizo 310,000 alishalipwa mpiga chapa, na hazirudi. Wanaosema niliamua peke yangu wakumbuke kuwa kamati iliitwa mara mbili na akidi haikutimia.

Ukurasa wa 14 ulisema Wamasai walishindwa kesi ya mwaka 1913 kwa kuwa "ardhi haikuwa yao". Mahakama haikusema hivyo. Mkataba wa 1904 kati yao na Waingereza, huko Kenya, uliwatoa Bonde la Ufa, wakaahidiwa Laikipia na eneo la kusini kwa muda wote ambao kabila lao litakuwepo. Miaka saba haikutimia, mkataba wa 1911 ukawatoa Laikipia nako. Mmasai Ole Njogo na wenzake walipoishtaki serikali ya Waingereza, waliambiwa mikataba ile ni kati ya dola mbili, yaani mataifa mawili, kwa hiyo mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuisikiliza. Walipewa hadhi ya dola ili wafungiwe mlango wa mahakama! Msomaji wetu asingeiona hila hiyo, nayo ndiyo kiini cha somo zima.

Ukurasa wa 31 ulikuwa na hatari zaidi, kwa sababu unamhusu mtu aliye hai leo: eti asiye na hati ya hakimiliki ya kimila hana ardhi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinaipa haki ya kimila hadhi sawa kwa kila hali na ile ya kupewa na serikali. Hati inaithibitisha haki, haiizai. Pia tuliruka mgongano unaowaumiza wafugaji: Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huohuo, inaingiza kwenye ardhi ya jumla, yaani iliyo chini ya serikali na si ya kijiji, hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, wakati Na. 5 haisemi hivyo. Malisho yaliyofungwa masika yakisubiri kiangazi hayana ng'ombe wala boma. Ofisa akiyapita mwezi wa nne ataandika "hayatumiki". Kwa macho hayohayo Wajerumani, kwa amri ya Novemba 1895, waliita ardhi ya watu haina mwenyewe, wakaifanya ya dola yao. Makosa haya niliyabaini mimi, mstari kwa mstari, na nisingeweza kuyanyamazia ili tu tuwahi tarehe.

Sasa ada. Wanachama 58, waliolipa 21, kwa 24,000 kila mmoja: jumla 504,000. Mahudhurio ni watu 11 kwa wastani, na wanaolalamikia kijitabu kwa sauti kubwa sijawaona vikaoni tangu Machi. Inasikitisha sana.

Mwakani, Mungu akipenda na fedha zikipatikana, tunatarajia kutoa kijitabu kilichosahihishwa, na pengine kukifikisha vijijini. Rasimu iko kabatini. Anayetaka kuihakiki aje nazo sheria zote mbili.

Mwenyekiti