Alhamisi ya ushanga wa bluu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji, na kwa huyo mgeni wetu wa wiki 7 ambaye, kwa unavyonieleza, ndiye mwenye nyumba sasa. Sisi huku hatujambo. Watoto wazima, baba yao mzima, na mimi leo nimebahatika kupata saa nzima ya ukimya, ndiyo maana unaona hata mwandiko umenyooka.

Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nimesimama na mwiko mkononi, mara ya pili nimejifungia chooni, maana ndiko kwenye komeo. Umeniuliza, "Hivi kuna siku hupita bila kitu kuharibika?" Hakuna, shoga. Nakwambia kweli tupu. Lakini usilie kwa jibu hilo. Keti, mlaze mtoto kifuani, nikusimulie Alhamisi yangu iliyopita.

Ila kwanza hilo la kilio, maana limenichoma. Unasema jioni analia saa mbili mfululizo, ameshiba, amekauka, hana homa, na wewe unalia naye. Mwenzangu, hukukosea kitu. Kilio cha watoto wachanga hupanda wiki hadi wiki, kinafika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha kinaanza kushuka, na wengi wakifika miezi 3 au 4 wametulia. Maana yake wewe umeshavuka kilele, uko kwenye mteremko. Na kitu kingine: wiki ya 6 mpaka ya 8 ndipo watoto wengi hutoa lile tabasamu la kweli, la kukutazama usoni, si lile la usingizini. Basi akinyamaza kidogo mtazame vizuri, lisije likatoka ukiwa umegeuka. La kifungua mimba wangu lilitokea saa tisa usiku, nikiwa ninamwomba kwa machozi alale. Akanitazama, akacheka kwa ufizi mtupu. Nikamwamsha baba yake aje aone. Baba yake akaona mtoto anayelia.

Haya, Alhamisi.

Siku ilianza kwa kiatu. Kiatu kimoja cha shule cha wa kati, cha kushoto. Tulitafuta chini ya vitanda, nyuma ya mlango, ndani ya ndoo, ndani ya begi la baba yao. Dakika zinakwenda. Mimi nishapaza sauti mara mbili. Kitinda mimba, ambaye ana miaka mitatu, alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba changu akituangalia tunavyopita, na kila tukipita anaweka kidole mdomoni: "Shhh!" Nikadhani ni mchezo. Mara ya tatu akanishika nguo, akaninong'oneza, "Mama, usipige kelele, amelala."

Nani amelala? Akaniongoza mpaka kitandani. Kiatu kilikuwa juu ya mto wangu, kimefunikwa kanga hadi shingoni, kama kiatu kina shingo, kimewekewa mwanasesere pembeni wa kukilinda. Alikuwa amekiimbia kikalala. Na ile "shhh, usipige kelele, amelala" ni yangu mimi, shoga. Nimewaambia wakubwa maneno hayo tangu siku alipozaliwa yeye. Sikuwa na moyo wa kukinyakua. Tulikiamsha taratibu, wote wanne tumeinama, na wa kati akakivaa huku akiambiwa asikikanyage kwa nguvu.

Hilo ndilo ninalotaka kukueleza hasa kuhusu nyumba hii yangu. Kila ninachosema kinanirudia. Wakati mwingine kinarudi siku hiyohiyo, wakati mwingine baada ya miezi, na mara zote kinarudi nisipokitazamia.

Mtazame kifungua mimba. Katimiza miaka tisa, akapewa saa ya mkononi na baba yake. Wiki nzima nikamwona na daftari dogo, anaandika, anafunga. Nikafurahi, nikajua mtoto kapenda kusoma. Alhamisi asubuhi, wakati wa hekaheka za kiatu, akaniomba nimsaidie kufunga mkanda wa begi. Nikasema, "Dakika tano." Akaangalia saa, akafungua daftari, akaandika. Nikamwambia hebu lete. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, nguzo mbili. Juu kaandika "Dakika tano za mama". Jumatatu: 38. Jumanne: 21. Jumatano asubuhi: 14. Jumatano jioni ameweka kistari tu. Nikamuuliza hiki kistari nini. Akasema kwa upole kabisa, "Hiyo haikufika, mama. Nililala."

Nilikaa chini. Hakuwa ananisuta, shoga, hilo ndilo lililonigusa. Alikuwa anataka kujua dakika tano ni ndefu kiasi gani, ili ajipange. Tangu siku hiyo naitaja saa halisi: nikisema nusu saa ni nusu saa, na kama haiwezekani nasema leo haiwezekani. Ijumaa nilisema kumi, nikafika kwa tisa. Alinionyesha namba ile huku meno yote nje.

Tukiwa kwenye meno: wa kati ana miaka sita na jino lake la kwanza limetoka. Lilitikisika wiki mbili. Wiki mbili za ulimi unaosukuma jino mezani, kitandani, hata anapoongea na wageni. Kilichonishtua mimi ni kwamba nyuma yake nililiona jino jingine limeshachomoza wakati la mbele bado lipo, amekuwa na safu mbili kama papa. Nikamkimbiza kwa daktari wa meno nikiwa nimeshaandaa moyo kwa mabaya. Daktari akamtazama, akanitazama, akasema hili ni la kawaida kwa meno ya chini ya mbele: la utoto likitoka, ulimi wenyewe husogeza la ukubwani mahali pake. Mtoto akadaka hapohapo neno la ulimi kufanya kazi, akazidisha juhudi.

Basi Alhamisi hiyo likadondoka shuleni, wakati wa mapumziko, kwenye nyasi. Anasema darasa zima lilipiga magoti kulitafuta. Halikuonekana. Alirudi nyumbani ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na kokoto nyeupe, ndogo, safi. Rafiki yake ndiye aliyempa, baada ya kumwona analia, kamwambia, "Chukua hii, inafanana." Nimekaa nayo kiganjani nikaitazama kwa muda. Kweli inafanana. Tumeiweka kwenye kikopo na tumeandika tarehe, na ana meno 19 ya utoto yaliyobaki kwa hiyo kikopo kina kazi ndefu. Sasa anapumulia kwenye pengo kila herufi ya s. "Mama, thatha mimi mkubwa." Mdogo wake naye ameanza kusema thatha, akiwa na meno yake yote.

Mchana mwingine wote ulipita na kazi za kawaida, sitakuchosha. Nguo zilifuliwa, na katika mfuko wa suruali moja nilitoa kokoto nne, mbawakawa mkavu, nusu penseli, na funguo ya kabati niliyoitafuta tangu mwezi uliopita. Chakula ambacho Jumatano kililambwa mpaka sahani ikang'aa, Alhamisi kikaonekana kina sumu. Unajua. Au utajua.

Jioni ndiyo yenyewe. Wakubwa wako kwenye kazi za shule, baba yao anakagua hesabu, mimi ndiyo kwanza nimekaa na miguu juu. Kitinda mimba akaja, akasimama mbele yangu ameinua uso, akanitangazia: "Mama, ushanga umeingia nyumbani kwake."

Nyumbani kwake wapi? Akaonyesha tundu la pua la kulia.

Nikawasha tochi ya simu. Shoga, niliuona! Wa bluu, unang'aa kule ndani kama taa ya mbali. Mwili wote ukaingia baridi. Baba yao akaja na kibano cha nyusi, mkono unamtetemeka, na mimi nikakikamata kile kibano nikakitupa nyuma ya kochi, kwa sababu nilikuwa nimesikia zamani kwamba ukichokonoa unausukuma ndani zaidi. Tukapiga simu kliniki. Muuguzi, Mungu ampe maisha marefu, akauliza kwanza jambo moja: una hakika ni ushanga, si betri ya saa, ile ndogo bapa? Akasema ingekuwa betri tusingoje chochote, ni hospitali moja kwa moja, maana inaunguza nyama za ndani katika saa chache tu. Hili liweke akilini, shoga, hata kama wako bado hawezi kushika kitu. Siku hizo zinakuja haraka. Nikamhakikishia ni ushanga, wenzake ninawaona mkufu mzima sakafuni.

Akasema, basi jaribu busu la mama.

Nikadhani ananituliza. Kumbe ndiyo njia yenyewe na ndilo jina lake! Baadaye nilisoma kwamba daktari mmoja wa Marekani, Vladimir Ctibor, aliieleza mwaka 1965, na mwaka 2012 watafiti walipokusanya taarifa zilizokuwapo waliona inafanikiwa kwa watoto kama 6 katika kila 10. Inafanywa hivi. Unamwambia mtoto utampa busu kubwa. Unafunika mdomo wake wote kwa mdomo wako, hewa isipite pembeni, na kwa kidole unaziba lile tundu la pua lisilo na kitu. Unapuliza kidogo mpaka uhisi hewa inagota; hapo koo lake limejifunga lenyewe na hewa haishuki kifuani. Ndipo unapuliza mara moja, kwa ufupi na kwa nguvu. Hewa inazunguka nyuma ya pua na kusukuma kitu kitoke. Muuguzi akasema mtoto asiogopeshwe, aone ni mchezo, na isipofanikiwa tusilazimishe, tumpeleke.

Nikampakata. Moyo unanidunda mpaka masikioni, lakini nikamwambia kwa sauti ya chini, "Tulia mwanangu, mama anakupa busu kubwa kuliko yote." Akafungua mdomo kama ndege. Nikaziba tundu, nikapuliza, ikagota, nikapuliza tena kwa nguvu.

Puu!

Ushanga ulinigonga shavuni, na kamasi zote za wiki hiyo zikaja nao. Kifungua mimba akaangalia saa: "Thekunde moja!" Ndiyo, naye ameambukizwa. Baba yao aliketi sakafuni kama mtu aliyetua mzigo wa gunia, akaanza kucheka, na kicheko kikatushika sote mpaka tukashindwa kusimama. Muuguzi bado alikuwa kwenye simu, tukamsikia naye anacheka. Wa kati akaja akapanga foleni, ameinua pua, anadai na yeye ana ushanga. Nilimpa busu lake. Hakikutoka kitu ila na yeye alitaka mapulizo.

Unajua taasisi ya Marekani ya mambo ya usingizi, National Sleep Foundation, ilitoa mwongozo mwaka 2015: mtoto wa miaka 3 hadi 5 alale saa 10 hadi 13, na mchanga kama wako saa 14 hadi 17. Wako anazilala zote, shoga, nina hakika. Tatizo anakupa vipande vipande. Wangu Alhamisi hiyo saa nne usiku alikuwa bado ananiomba nimsimulie safari ya ushanga, kuanzia mwanzo, na nisiruke pale ulipogonga shavu. Nimeisimulia mara sita. Mara ya saba sauti ikanikauka, nikalala ubavu, nikafumba macho.

Nikahisi vidole viwili vyenye jasho vinanishika uso. Akaugeuza upande wake. Akaniziba tundu moja la pua, akachagua vizuri lipi. Akaninong'oneza, "Tulia mwanangu." Kisha akanifunika mdomo kwa mdomo wake wote mdogo na kupuliza kwa nguvu zake zote.

Akangoja. Akachungulia puani kwangu kwenye mwanga wa mlangoni, kulia, halafu kushoto.

"Hakuna kitu, mama," akasema. "Umepona."

Akageuka, akavuta shuka, akalala.

Nibusie mtoto, busu moja tu, dogo. Na likitoka hilo tabasamu niandikie siku hiyohiyo, hata kama ni mstari mmoja.

Ni mimi shoga yako wa siku zote.