Barua kwa Rehema kuhusu damu ya pande mbili

Dar es Salaam,
14 Mei.

Mpendwa Rehema,

Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni na ya pili nikiwa nimeketi, kwa sababu maneno ya wifi yako yalinitoa nguvu. Nasikitika kwamba mwanao amekutwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na nasikitika zaidi kwamba katika siku ambazo ungepaswa kupokewa mtoto mgongoni ili upumzike, umegeuzwa mshitakiwa. Unaniuliza kama ni kweli ugonjwa huu ameurithi kwako peke yako. Si kweli, na kwa kuwa kazi ya maabara imenikutanisha na damu ya namna hii kwa miaka mingi, naomba nikueleze kwa urefu, ili siku wakikuwekea kikao kingine uwe na la kuwajibu.

Maagizo ya kuujenga mwili, yaani jeni, tunayapokea kwa jozi, nakala moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Jeni inayotuhusu hapa imo katika kromosomu ya 11, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya chembe za mwili, nayo huongoza utengenezaji wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Nakala ya kawaida huandikwa A, na ya selimundu huandikwa S. Majibu ya mwanao ni SS, na kwa kuwa kila mzazi humpa mtoto nakala moja tu, S moja ameipata kwako na ya pili ameipata kwa baba yake. Ninyi wawili, kama mnavyojiona wazima, bila shaka ni AS, na mtu wa AS kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kuugua. Hivyo mama mkwe wako anaposema kwamba katika ukoo wao hajawahi kuonekana mtoto wa namna hii, huenda anasema kweli tupu, lakini ukweli huo hauuondoi ukoo wake katika jambo hili: S inaweza kupita kimya kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, mpaka siku ikutane na mwenzake. Na huyo wifi aliyekutupia ile methali ya mtoto wa nyoka, mwulize kwa upole nyoka ni yupi hapa, maana wazazi wote wawili ni wazima.

Umeandika pia kwamba bibi yake hudai kuwa mtoto amechukua paji lake la uso na masikio yake, kwa hiyo damu mbaya haiwezi kuwa ya upande wake. Sura, kama ulivyo urefu wa mtu au rangi ya ngozi yake, hutokana na jeni nyingi kwa pamoja, zilizotawanyika katika kromosomu mbalimbali, na kufanana na mtu usoni hakumwambii yeyote ni nakala ipi ya himoglobini iliyofuatana na sura hiyo. Masikio na amshukuru Mungu kwayo, hayamtetei.

Laiti ningeweza kuwaketisha wote mbele ya darubini yangu. Katika kipimo cha zamani, tone la damu huchanganywa na dawa inayoondoa oksijeni, likafunikwa kwa kioo chembamba na kuzibwa pembeni kwa mafuta mazito ili hewa isiingie. Mwanzoni unaona chembe za mviringo zimetulia kama maandazi kwenye sinia. Ukirudi baadaye, nyingine zimejikunja na kuchongoka kama mundu. Chembe za namna hiyo ndizo zinazokwama katika mishipa myembamba na kuleta yale maumivu yanayomliza mtoto usiku. Angalia lakini: damu ya AS nayo hujikunja katika kipimo hiki, kwa hiyo mumeo akienda kupimwa aombe kile kinachotenganisha aina za himoglobini, asije akaambiwa ni mgonjwa kumbe ni mbebaji tu.

Sasa nikutajie jambo ambalo lingetosha kumaliza ugomvi wenu. Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo, akakuta wabebaji wa S ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache mno katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alitoa maelezo ya sababu yake: mtoto wa AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, kwa hiyo penye mbu wengi walionusurika na kuzaa walikuwa wengi miongoni mwa wabebaji. Wewe kwenu ni Musoma, mumeo kwao ni Pangani. Ziwa na bahari! Huenda kinachokulaumisha leo ndicho kilichowaokoa mababu wa pande zote mbili.

Kuhusu uzazi ujao, yule muuguzi aliyekwambia kwamba mmoja ameshaugua na watatu wanaofuata watakuwa salama alikosea. Jana usiku nilichukua vikombe viwili, kila kimoja nikatia kunde moja na choroko moja, kunde ikiwa ndiyo S, nikafumba macho na kuvuta mbegu moja kila upande, kisha nikazirudisha na kuvuta tena. Kwa mivuto 16 ningetarajia kunde mbili kwa pamoja mara nne. Nilizipata mara sita, na tatu kati ya hizo zilifuatana. Kila mimba ni mvuto mpya: robo kuwa SS, nusu kuwa AS, robo kuwa AA, na vikombe havikumbuki kilichotoka jana.

Na wanaosema amerogwa, eti kwa sababu alizaliwa mzima na viganja vikaanza kuvimba akiwa na miezi saba, wamekosea. Mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, isiyojikunja, na hiyo hupungua polepole katika miezi ya kwanza. Ndipo S inapojitokeza.

Usikose kliniki, umpe dawa za kinga kila siku, alale ndani ya chandarua na anywe maji ya kutosha. Mwezi ujao mkija huku, njooni na mumeo mpimwe pamoja. Vikombe nimeviacha juu ya kabati na mbegu zake ndani. Mama mkwe naye akikubali kufuatana nanyi, nitamwomba avute mwenyewe.

Wako akupendaye,
Tabu