Mionzi gani, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ile habari yenu ya mionzi kutoka udongoni hadi mezani, iliyobeba picha kubwa ya vichanja vya dagaa. Nimefundisha kemia miaka 31, na makosa mengi ya gazetini nimeyapita kimya. Hili limenishinda.

Mdogo wangu anakausha dagaa Igombe na kuwauza soko la Mwaloni, Kirumba. Siku mbili baada ya gazeti kutoka, mteja wake wa Tabora alimpigia simu: "Dada, usipakie. Huku watu wameona gazeti." Magunia 14 yalikuwa yameshashonwa midomo na ushuru umeshalipwa. Mvua nazo zilikuwa zimeanza, na dagaa akipata unyevu hangoji mtu. Ikabidi awaachie wenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Jioni akaja kwangu, gazeti amelikunjia ndani ya khanga, akauliza: "Kaka, mionzi gani?" Nikasoma habari yote mara mbili. Hamkusema.

Ilikuwa lazima mseme, kwa sababu kila kitu chenye mionzi kina njia yake. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kilipolipuka mwaka 1986, iodini-131 iliangukia nyasi, ng'ombe akala nyasi, watoto wakanywa maziwa, ikawakaa kwenye tezi ya shingo; watoto wengi waliugua saratani ya tezi hiyo. Lakini iodini hiyo hupungua nusu kila siku 8, na miezi mitatu baadaye karibu yote imekwisha. Sesiamu-137, iliyotoka kwenye mlipuko ule ule, huchukua miaka 30 kupungua nusu tu. Inafanana na potasiamu, kwa hiyo mzizi huivuta kama unavyovuta potasiamu, ila safari yake inaamuliwa na udongo. Penye mfinyanzi wa kutosha hunaswa katikati ya matabaka ya chembe za udongo na mmea hupata kidogo sana. Penye udongo wa tindikali, uliojaa mboji na wenye mfinyanzi haba, hakuna cha kuishika: inapanda kwenye nyasi, inaingia kwa mnyama, inarudi chini na samadi, inapanda tena. Ndiyo sababu kondoo wa milima ya Wales, Uingereza, ambako sesiamu ya Chernobyl ilishuka na mvua, waliwekewa masharti ya kuuzwa mwaka 1986 na ya mwisho yakaondolewa mwaka 2012! Na kondoo wale wale wakishushwa kwenye malisho safi, sesiamu huwatoka mwilini ndani ya wiki chache. Shamba likitiwa mbolea ya potasiamu, mimea hupunguza kuivuta. Mambo haya mkulima wa Magu angeyaelewa vizuri kabisa, kwa sababu anajua luseni yenye kichanga na mbuga yenye mfinyanzi mweusi havizai sawa. Ninyi mkampa neno moja tu, "mionzi", na picha ya kitoweo chake.

Mkaandika pia kwamba kila anayemla mwenzake hupata sumu zaidi. Kwa sesiamu, samaki wala samaki kweli huweza kuwa nayo zaidi, hasa ziwa likiwa na potasiamu kidogo. Strontiamu-90, nayo yenye mionzi, haiendi hivyo. Hiyo hufuata kalsiamu na kukaa mifupani, nasi sangara tunakula mnofu, mifupa tunaiacha. Wa kupimwa kwanza angekuwa dagaa, maana tunamtafuna mzima mzima. Hilo lingekuwa onyo la maana, ningelipigia makofi. Hamkuliandika.

Sentensi yenu ya "kila hatua zaidi" inaifaa zebaki, sumu isiyo na mionzi, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Huko kwenye machimbo madogo ya Geita vijana wanachanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha wanaichoma kwenye kikaango, wakati mwingine uani kwao, watoto wakiwa wamekaa upande wa moshi. Mvuke ule hushuka na mvua. Ukifika kwenye tope la maji, vijidudu huigeuza zebaki kuwa ya aina inayopanda kutoka kwa kiumbe mdogo hadi kwa samaki mkubwa. Hilo lipo mlangoni kwetu, mwaka mzima, na sijaliona ukurasa wenu wa mbele.

Ombi langu ni hili. Tume ya Nguvu za Atomiki ina ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza, na kupima vyakula ni kazi yake. Mwandishi wenu aje Mwaloni Jumanne saa 12 asubuhi, achague mwenyewe kilo mbili za dagaa, nitazilipia mimi. Zipelekwe zikapimwe. Kisha mchapishe jina la kilichopatikana, bekereli (kipimo cha mionzi) ngapi kwa kilo, na wamevuliwa wapi, pale pale palipokaa ile picha na kwa ukubwa ule ule. Potasiamu-40, yenye mionzi ya asili, itaonekana, maana imo ndani ya kila samaki, ndani ya ndizi za Bukoba, na ndani ya mwili wako na wangu. Nayo iandikeni. Nakala moja nitaituma Tabora kwa basi.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza